Kufichua si Kuumbua: Tamthilia ya Shujaa na Darasa la Kiswahili Oraba

Utangulizi

Katika ukurasa huu tumezoea kuchambua tamthilia na riwaya za Kiswahili zinazotumika vyuoni na shuleni. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tutoke kidogo nje ya uwanja huo. Tunataka kuzungumzia sehemu moja ya tamthilia ya runinga ya Kimarekani inayohusu kijana shujaa, kisha tueleze inavyoweza kumsaidia mwalimu wa Kiswahili.

Sababu yetu ni hii. Tulikuwa Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini katika Wilaya ya Koboko, kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Jioni moja, baada ya chakula, mmoja wao alifungua kompyuta yake ya mkononi akatuonyesha sehemu ya tamthilia ya Smallville iitwayo Truth, yaani Ukweli. Alitaka kujua kama inafaa kutumiwa katika somo la masimulizi. Tuliitazama sote tukiwa tumebanana kwenye benchi moja. Ilipokwisha hatukujadili masimulizi hata kidogo. Tulijadili jambo lililotokea darasani asubuhi ya siku ile ile. Jambo hilo tutalieleza hapo chini, na kosa lilikuwa letu sisi wakaguzi kuliko la mwanafunzi tuliyekuwa tukimkagua.

Muhtasari wa kisa

Smallville ilionyeshwa nchini Marekani kuanzia mwaka 2001 hadi 2011, kwa misimu 10. Inasimulia ujana wa Clark Kent, ambaye baadaye atajulikana kama Superman, katika mji mdogo wa kubuni ulioko jimbo la Kansas. Clark ana nguvu zisizo za kawaida, na mhimili wa tamthilia nzima ni siri yake: nani aijue, nani asiijue, na anayeijua atapata hasara gani. Sehemu tunayoizungumzia ni ya 18 katika msimu wa tatu, na ilirushwa hewani tarehe 21 Aprili 2004.

Safari hii shujaa si Clark. Mhusika mkuu ni rafiki yake Chloe Sullivan, mhariri wa gazeti la shule, msichana mwenye akili na mdadisi kupita kiasi. Chloe anaingia kwa siri katika kampuni ya tajiri Lionel Luthor kutafuta ushahidi wa maovu yake. Humo anakumbwa na gesi ya majaribio. Tangu hapo, kila anayeulizwa swali na Chloe anajikuta ametamka yaliyomo moyoni mwake, apende asipende.

Mwanzoni Chloe anafurahi. Kwa mwandishi wa habari, kuna kipaji gani kikubwa kuliko hicho? Anauliza huku na huko, na siri zinamwagika. Lakini furaha haidumu. Waliosema wanaumia, walioambiwa wanaumia, na hatimaye inabainika kwamba gesi yenyewe inahatarisha maisha ya Chloe. Siri aliyoitamani kuliko zote, ile ya Clark, haipati.

Kuna kejeli ambayo mtazamaji makini hataikosa. Chloe mwenyewe ana siri yake. Mwishoni mwa msimu wa pili alikubali kumchunguza Clark kwa niaba ya huyo huyo Lionel. Kwa hiyo anayefunua vyungu vya wenzake ana chungu chake alichokifunika. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Chloe ni kata iliyochovya katika mitungi mingi, na hakupenda mtu achungulie katika wake.

Uzuri wa sehemu hii ni kwamba mkosaji si adui mwenye sura mbaya bali ni rafiki tunayempenda, na kosa lake linaanza kwa nia njema. Udhaifu wake ni ule wa vipindi vingi vya aina hii: muda ni mfupi, dawa inaisha nguvu, na wiki inayofuata mambo yanaendelea. Waliovuliwa nguo hadharani hawapewi nafasi ya kutosha kutuonyesha wanavyoishi baada ya hapo.

Tamaa ya zamani

Tamaa ya kupata kitu cha kumfanya mtu aseme kweli haikuanzia kwenye runinga. Wonder Woman, shujaa wa kike aliyetokea katika vitabu vya katuni mwaka 1941, ana kamba ya ajabu. Katika tamthilia yake ya runinga ya miaka ya 1975 hadi 1979, aliyefungwa kwa kamba hiyo hawezi kudanganya. Aliyembuni shujaa huyo, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia aliyetafiti uhusiano wa uongo na shinikizo la damu, na kazi yake ni miongoni mwa zilizotangulia mashine ya kupimia uongo. Mwaka 1923 mahakama ya Washington ilikataa kupokea matokeo ya kipimo chake. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba ungamo lililotolewa na mtu aliyekuwa chini ya dawa ya kumlegeza aseme haliwezi kutumiwa dhidi yake.

Sisi pia tuna yetu. Kamusi za Kiswahili zina neno mwavi, dawa aliyonyweshwa mtuhumiwa ili ibainike kama ana hatia. Ng'ambo ya mpaka wetu, kuelekea magharibi mwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Kongo, Wazande walikuwa na sumu waliyoiita benge. Walimlisha kuku huku wakiuliza swali, na kufa au kupona kwa kuku ndiko kulikokuwa jibu. Evans-Pritchard aliieleza desturi hiyo kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1937.

Na sheria yetu? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28, inasema anayeshtakiwa kwa kosa la jinai halazimishwi kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Ibara hiyo haikusudii kuwalinda waongo. Inatambua kwamba neno lililotolewa kwa nguvu ni la yule aliyelitoa kwa nguvu, si la yule aliyelitamka.

Sarufi ya siri

Sasa tuingie katika kazi yetu. Tulipowaomba wanafunzi wetu wasimulie kisa kwa Kiswahili, karibu wote walitumia kitenzi kimoja: Chloe alifichua siri za watu. Mmoja akasema, "Hapana, Chloe aliwaumbua watu." Mjadala ukaanza hapo.

Vitenzi hivi viwili ni vya kauli ya kutendua, ambayo hubadili maana ya kitenzi cha msingi iwe kinyume chake. Tunazo jozi nyingi za namna hiyo: funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Ndivyo ilivyo kwa ficha na fichua. Kilichofichwa kinatolewa nje. Lakini umbua inatokana na umba, yaani kutia umbo. Kumuumbua mtu ni kumwondolea umbo lake mbele ya watu, kumwacha bila sura aliyojijengea.

Tazameni pia kitendwa cha kila kitenzi. Tunafichua jambo: alifichua siri, alifichua njama, alifichua wizi. Tunaumbua mtu: alimuumbua mwenzake. Katika kitenzi cha kwanza macho yetu yako kwenye jambo, na katika cha pili yako kwenye mtu. Mwandishi wa habari anayefichua wizi wa dawa za hospitali anafanya kazi njema. Akitangaza maradhi ya mgonjwa aliyelazwa katika hospitali hiyo hiyo, ameumbua. Inawezekana maneno ya habari zote mbili yakawa ya kweli tupu.

Tuongeze kauli ya kutendea. Tunapata fichulia: alimfichulia rafiki yake siri yake. Hapa kiambishi kimoja kimeleta mtu wa pili, yule aliyechaguliwa kuambiwa. Hakuna gesi wala kamba katika sentensi hiyo. Mwenye siri ndiye mtendaji, ndiye anayeamua nini, lini na kwa nani. Tukienda mbele zaidi, katika kauli ya kutendana, tunapata ambiana na semezana, ambapo kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea.

Kuna kitenzi kingine kilichotushangaza sisi wenyewe. Kauli ya kutendesha ya sema ni semesha. Kwa kanuni tupu, kusemesha ni kumfanya mtu aseme, na mwanafunzi anaweza kudhani hicho ndicho kitenzi cha gesi ya Chloe. Lakini matumizi ya kila siku ni tofauti. Tukisema "nilimsemesha akanyamaza," tuna maana kwamba tulianza kuzungumza naye naye hakujibu. Katika Kiswahili, njia ya kumfanya mtu aseme ni kuzungumza naye, na bado anabaki na uhuru wa kunyamaza. Akitumiwa nguvu tunatafuta maneno mengine: alibanwa, alilazimishwa kusema. Na yale anayoyatoa chini ya gesi hatuyaiti kukiri wala kuungama, maana kukiri na kuungama kunataka nia. Huko ni kuropoka. Mlevi anayeropoka siri za nyumba yake hatumwiti mkweli.

Kiswahili cha kizuizini

Mwalimu aliyesomea Mombasa au Unguja anaweza kuuliza kwa nini tunashughulika sana na suala hili. Jibu liko katika historia ya lugha yenyewe huku West Nile. Kiswahili hakikufika kwetu kwa majahazi wala kwa mashairi. Kwa sehemu kubwa kililetwa na jeshi na biashara. Vijana wengi wa Koboko na Arua waliingia katika jeshi la wakoloni la King's African Rifles, ambako amri zilitolewa kwa Kiswahili, na jeshi la Uganda huru likaendelea nacho. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakapita vizuizi vingi vya barabarani.

Wazee wetu wanayakumbuka maswali ya vizuizini. Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Umebeba nini? Mume wako yuko wapi? Sema ukweli! Kwa wengi wao hiyo ndiyo iliyokuwa sarufi ya kwanza ya Kiswahili. Si ajabu kwamba hadi leo kuna mzazi anayeuliza mtoto wake anajifunza lugha ya askari kwa faida gani.

Mambo yamebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Oraba pia imebadilika. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko inaishia hapo, malori ya kwenda Kaya, Yei na Juba yanapanga foleni, na sokoni utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili katika mazungumzo ya bei moja ya samaki. Lakini tangu vita vya mwaka 2016 nchini Sudan Kusini, mpaka huu umewapitisha pia watu wengi waliokimbia. Baadhi ya watoto wao wamo katika madarasa yetu.

Yaliyotokea asubuhi ile

Mwanafunzi wetu alikuwa akifundisha kidato cha kwanza. Somo lilikuwa "Familia yangu," maswali na majibu. Mada hiyo imo karibu katika kila kitabu cha wanaoanza. Alikuwa amejiandaa vizuri. Aliuliza: "Baba yako yuko wapi?" Mmoja akajibu: "Baba yangu yuko kazini." Mwingine: "Baba yangu yuko sokoni."

Swali likamfikia mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha. Akasema: "Sijui."

Mwalimu akamwambia, kama tulivyomfundisha sisi: "Jibu kwa sentensi kamili."

Akasimama akasema: "Baba yangu sijui yuko wapi."

Darasa likacheka. Hawakumcheka yeye, walicheka mpangilio wa maneno. Mwalimu akasahihisha, naye akarudia kwa usahihi mbele ya wenzake: "Sijui baba yangu yuko wapi." Akakaa. Sisi tuliokuwa nyuma ya darasa na fomu ya tathmini tuliandika kwamba mwalimu anauliza maswali vizuri na wanafunzi wanashiriki.

Jioni, Chloe alipokuwa akiuliza maswali yake na watu wakitapika ya moyoni, mwanafunzi wetu aliyefundisha asubuhi alisimamisha picha. Akasema, "Mwalimu, mimi ndiye huyo msichana. Tofauti ni kwamba mimi sina gesi. Mimi nina alama." Hatukuwa na la kumjibu.

Alisema kweli. Mtoto darasani hawezi kukataa swali la mwalimu. Akinyamaza, hajui. Akisema uongo, amevunja maadili. Akisema kweli, ameumbuka. Na mwalimu hakukusudia lolote katika hayo. Alikuwa akifundisha kiulizi "wapi."

Tunachopendekeza

Kwanza, tukumbuke kwamba mwalimu wa lugha hasahihishi ukweli wa jibu bali umbo lake. Kwa hiyo hatuna haja ya ukweli wa mtoto ili tumfundishe sarufi. Siku mbili baadaye mwanafunzi wetu alirudia somo lile lile kwa kadi. Kila mtoto alipewa kadi ya mhusika wa kubuni: dereva wa lori, muuza samaki, fundi baiskeli, mkunga, mwenye hoteli. Maswali yalikuwa yale yale. Yule wa dirishani alipata dereva wa lori. Alipoulizwa anakwenda wapi na amebeba nini, alijibu kwa sauti ya juu kwamba anakwenda Juba, amebeba sabuni na unga, na breki zake hazishiki vizuri. Hakuna aliyemfundisha neno breki siku hiyo.

Pili, tufundishe lugha ya kuhifadhi kama tunavyofundisha lugha ya kueleza. Vitabu vyetu vinamfundisha mwanafunzi kujibu. Havimfundishi kutojibu kwa adabu, ilhali Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno hayo: "Naomba nisilijibu hilo." "Hayo ni ya nyumbani." "Tuyaache hayo, mwalimu." "Nitakwambia siku nyingine." Mwanafunzi akiyasema kwa usahihi, apewe alama kamili kama aliyejibu.

Tatu, tusije tukaelewa vibaya tukafundisha kwamba kila siri ni njema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo ina ficha na umbua. Mtoto anayeumizwa nyumbani au shuleni anahitaji kujua kusema, na kusema upesi. Ndiyo maana kauli ya kutendea ni muhimu. Tumfundishe kumfichulia mtu mmoja anayemwamini, awe muuguzi, mwalimu, shangazi au mchungaji, faraghani, kwa maneno aliyoyachagua. Asilazimike kuyatamka mbele ya watoto 60 kwa ajili ya zoezi la viulizi.

Nne, kwa wanafunzi wa vyuo, sehemu hii ya Smallville inafaa kwa zoezi la vitenzi. Wasimulie matukio yake wakitumia fichua, fichulia, umbua, kiri, ropoka, sitiri na ambiana, kisha watetee kila kitenzi walichokichagua. Wataona kwamba kuchagua kitenzi ni kutoa hukumu.

Hitimisho

Tamthilia hiyo ina mwendelezo unaopendeza. Katika msimu wa nne, mwaka 2005, Chloe anaijua siri ya Clark kwa macho yake mwenyewe, baada ya mtu mwingine kupanga aione. Safari hii hamuulizi Clark lolote. Ananyamaza, anamlinda, anasubiri awe tayari kumwambia. Msichana aliyewahi kuyatoa ya watu kwa nguvu za gesi amejifunza kusitiri, na urafiki wao unakuwa imara zaidi kuliko mwanzo.

Sisi tunaofundisha Kiswahili mpakani tuna kazi inayofanana na hiyo. Lugha iliyowahi kuwauliza wazee wetu maswali vizuizini sasa iko mikononi mwetu, na tunawauliza wajukuu wao. Fomu yetu ya tathmini ya mazoezi ya kufundisha ina vipengele vya sauti ya mwalimu, matumizi ya ubao na maandalizi ya zana. Haina kipengele kinachouliza kama swali lilimwachia mwanafunzi nafasi ya kutojibu. Tumependekeza kwa wenzetu idarani kiongezwe. Wasomaji wenye uzoefu wa madarasa ya namna hii, hasa walioko Koboko, Yumbe, Moyo na Adjumani, tunawaomba watuandikie watueleze wanavyofanya, ili tuyachapishe katika toleo lijalo.